Barua ya miaka 20 imefika: mwongozo kamili wa RCSBP kwa wake na waume wa wanajeshi wa akiba Marekani

Watu wetu wanakwama mahali pale pale kila mara, ndio maana nimeamua kuiweka hii kitu yote mahali pamoja. Mtu ametumikia Army Reserve au National Guard miaka 20, wikendi za drili mwezi baada ya mwezi, siku moja barua ya kuthibitisha hiyo miaka 20 inafika nyumbani na ndani kuna fomu, anamwambia mkewe "mama Asha hebu saini hapa, ni makaratasi ya kazi tu", na mama Asha anasaini kwa sababu anamwamini mumewe na ugali uko motoni. Saini ile ndio imemwondolea pensheni yake ya ujane, na yeye anakuja kulijua hilo siku ya msiba.

Nitaandika "mke" na "mjane" mara nyingi lakini kama mkeo ndiye mwanajeshi na wewe ndiye uko nyumbani, kila kitu ni hivyo hivyo.

Kwa ufupi, RCSBP (Reserve Component Survivor Benefit Plan) ni mpango wa jeshi la Marekani wa kumlipa aliyebaki sehemu ya pensheni ya marehemu kila mwezi mpaka na yeye afe. Mwanajeshi wa akiba hata akimaliza miaka 20 hapewi pensheni siku hiyo, anasubiri afike umri wa miaka 60, au mapema kidogo kama aliitwa kazi ya muda wote baada ya 28 Januari 2008, maana kila siku 90 za kazi hiyo zinaweza kumpunguzia miezi 3 ya kusubiri, mwisho miaka 50. Sasa akifa hapo katikati, amemaliza 20 lakini hajafika 60, mjane anapata nini? Jibu lote liko kwenye hiyo fomu moja.

Usichanganye na hivi vitu vingine

Nimesikia mara nyingi mtu akisema "sisi tuko sawa, nimemwandika mke wangu kwenye SGLI". SGLI ni bima ya maisha, inalipa mara moja na imekwisha, kiwango cha juu ni dola 500,000 tangu Machi 2023, na akishatoka jeshini ile bima inakufa baada ya siku 120 asipoihamisha kwenda VGLI, bima ya waliotoka jeshini. RCSBP ni hela ya kila mwezi. Ni vitu viwili tofauti, fomu tofauti, ofisi tofauti.

Fomu ya DD 93 nayo, ile ya watu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, haibadilishi RCSBP. Wosia haubadilishi. Na hii hela haiingii kwenye mirathi, kwa hiyo shemeji na mashangazi wakikaa kikao cha kugawa mali ya marehemu, hii haipo mezani, ni ya yule aliyechaguliwa kwenye fomu kwa mujibu wa sheria.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua yenyewe ya miaka 20, yote, kurasa zote, pamoja na bahasha yake
- Karatasi ya pointi za huduma za kila mwaka (hatua ya 1): kwa Army Reserve ni DA 5016, kwa Army National Guard ni NGB 23
- Fomu ya DD 2656-5, ile ya kuchagua RCSBP, toleo jipya kutoka tovuti ya fomu za wizara ya ulinzi, sio kopi ya rafiki ya miaka iliyopita
- Cheti cha ndoa, na kama kiko kwa Kifaransa au Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa
- Namba za Social Security na vyeti vya kuzaliwa vya watoto
- Hati ya talaka kama mmoja wenu alishaoa au kuolewa kabla
- Vitambulisho halali vya nyinyi wawili, kwa ajili ya notari, yaani afisa wa kushuhudia saini

Hapo kwenye cheti cha ndoa nikae kidogo maana ndipo wengi wetu tunapoumia. Wale tuliofunga ndoa nyumbani, nikahi ya msikitini, ndoa ya kimila, ndoa ya kanisani ambayo padri aliandika kwenye daftari tu, hakikisha una cheti cha serikali. Kenya ndoa ya kimila inasajiliwa chini ya sheria ya ndoa ya 2014, Tanzania vyeti viko RITA, wakala wa usajili wa serikali. Fuatilia hicho cheti saa hii mzee akiwa hai, kwa sababu kutafuta cheti cha ndoa Kisangani au Bujumbura ukiwa mjane uko Ohio ni mateso.

Angalia pia majina herufi kwa herufi. Cheti cha ndoa kinasema Mwanaisha Bakari, pasipoti inasema Mwana Aisha Bakari Omari, kadi ya Social Security inasema Aisha B. Omari. Kwako ni mtu mmoja. Kwa karani anayeangalia kompyuta ni watu watatu. Rekebisha sasa.

Hatua ya 1: Hakikisha miaka 20 ni 20 kweli

Mwaka hauhesabiki kwa sababu tu mtu alikuwa jeshini. Mwaka mzuri ni ule wenye pointi zisizopungua 50. Pointi 15 anapewa za bure kwa kuwa mwanachama, zingine anazitafuta kwa drili na kambi. Mtu anaweza kuwa na miaka 22 ya sare na miaka 18 tu ya kuhesabika.

Shuka na ile karatasi ya pointi mwaka kwa mwaka. Ukikuta mwaka una 47 au 48, kuna drili iliyosahaulika kuandikwa, na hiyo inarekebishika ukiwa na kopi za oda na risiti za malipo.

Kisheria barua inatakiwa itoke ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza miaka 20. Kama mwaka umepita na hamjaona kitu, aulize kikosi chake, halafu makao ya utumishi: kwa Army ni HRC pale Fort Knox, Kentucky, kwa Air Force ni ARPC pale Buckley, Colorado, kwa Navy ni Millington, Tennessee. Walio National Guard waanzie kwa ofisi ya pointi ya jimbo lao. Na aangalie faili lake la intaneti, mara nyingi barua iko humo miezi mingi wakati nyumbani mnasubiri posta ya anwani mliyohama zamani.

*Ukifanikiwa hapa:* una barua mkononi, na karatasi ya pointi inayoonyesha miaka 20 au zaidi bila shimo.

Hatua ya 2: Andika tarehe, hesabu siku 90

Kuanzia siku mliyopokea barua mna siku 90 za kuchagua. Andika tarehe ya kupokea juu ya bahasha kwa kalamu, weka alamu kwenye simu ya siku ya 60, sio ya 89. Siku 90 zikipita, mlichochagua kimeganda, na kabla hazijapita bado anaweza kubadilisha.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana watu wanaelewa kinyume. Asipojibu kabisa na ana mke au watoto wanaomtegemea, sheria tangu 1 Januari 2001 inamwingiza moja kwa moja kwenye opsheni C, kiwango kamili, yaani akifa wakati wowote mke anaanza kulipwa, kwa hesabu ya pensheni yote (opsheni ziko hatua ya 3). Yaani kukaa kimya kunamlinda mke. Kinachomuumiza mke ni fomu iliyojazwa vibaya na kusainiwa. Lakini kama barua ilikuja kabla ya 2001 na hakujibu, alihesabiwa kama amechagua A, yaani ameahirisha, na familia nyingi za wazee hazijui hilo mpaka leo, kwa hiyo kama mzee wako ni wa enzi hizo, kaulize.

Pamoja na hayo sishauri mtu ategemee kimya. Kimya hakina karatasi, na siku ya kudai utatakiwa uonyeshe karatasi.

Akifariki ndani ya hizo siku 90 kabla hajachagua, au amemaliza 20 na barua haijatoka, mjane bado analindwa. Msikubali kuambiwa "hakuwa amejaza fomu basi hakuna kitu". Simameni hapo hapo.

Hatua ya 3: Elewa A, B na C kabla ya kugusa kalamu

Opsheni A: naahirisha, nitaamua nikifika 60. Akifa kabla ya hapo, mjane hapati hata senti ya mpango huu. Akifika 60 salama anachagua SBP, mpango wa kawaida wa wastaafu wengine wa kumlipa aliyebaki, na halipi nyongeza ya kulindwa ile miaka ya kati ya barua na 60.

Opsheni B: nachagua sasa, lakini nikifa kabla ya 60 mke aanze kulipwa siku ambayo ningetimiza 60. Akifa baada ya 60, malipo yanaanza kesho yake.

Opsheni C: nikifa wakati wowote, mke aanze kulipwa siku inayofuata, awe na umri wowote.

Basi ni hivyo tu, hakuna uchawi mwingine. Tofauti ya B na C ni kusubiri. Mume akifa na miaka 45 na kwenye fomu kuna B, mjane atakaa miaka 15 akilea watoto bila hiyo hela.

Kuna wanaume wanachagua A wakidhani wanaokoa hela ya makato. Wajue hivi: kwa B na C hakuna anachokatwa leo, makato yanaanza siku pensheni inaanza. Hakuna bili inayokuja nyumbani akiwa na miaka 42. Nikiwaeleza watu hili jambo moja tu, nusu ya ubishi unaisha.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu pamoja, mezani, wote wawili

Chukua mfano. Ana pointi 3,600. Gawa kwa 360 unapata miaka 10 ya huduma. Kwa mfumo wa zamani zidisha asilimia 2.5, ni asilimia 25. Kama wastani wa mshahara wa msingi kwa ile miezi 36 ya juu ni dola 5,000 kwa mwezi, pensheni yake ni dola 1,250. Walio kwenye mfumo mpya wa BRS wanazidisha asilimia 2, inakuwa dola 1,000.

Mjane akiwekewa kiwango kamili anapata asilimia 55. Kwa dola 1,250 ni dola 687.50. Kwa wanajeshi wa akiba waliochagua B au C hiyo namba inashuka kidogo, kwa sababu gharama ya ulinzi wa miaka ya kati inakatwa pia upande wa mjane, usishangae ukikuta barua ina pungufu.

Makato yakianza, upande wa mke hayazidi asilimia 6.5 ya kiwango mlichochagua, hapa dola 81.25 kwa mwezi au pungufu, halafu inaongezwa ile gharama ya RCSBP yenyewe. Hiyo nyongeza inategemea umri wa mwanajeshi na umri wa mke siku ya kuchagua, kwa hiyo usikubali namba ya jirani, tumia kikokotoo cha tawi lake au mpigie afisa wa huduma za kustaafu. C ina nyongeza kubwa kuliko B.

Sasa rudi kwa yule aliyekufa na miaka 45. Hata tukishusha malipo ya mjane mpaka dola 650, miaka 15 ni miezi 180, hiyo ni dola 117,000 ambazo opsheni B ingemnyima, na hapo sijaweka nyongeza ya kila mwaka ya gharama za maisha ambayo hii pensheni inapata. Weka pembeni dola 117,000, weka pembeni nyingine tofauti ya makato, halafu muamue.

Maoni yangu ni haya. Familia yenye watoto wadogo na mshahara mmoja mkubwa nyumbani, chagueni C kiwango kamili na mlale. Kama mwanajeshi ana 58 tayari, tofauti ya B na C ni miaka 2 tu, hapo B inaweza kuwa na maana. Kama mke ana pensheni yake mwenyewe nzuri na bima kubwa ambayo haiishi, A si dhambi, ila iwe ni uamuzi wa watu wawili waliokaa wakaiona hesabu.

Kuna pia kuchagua kiwango kidogo badala ya pensheni yote, chini kabisa ni dola 300. Asilimia 55 ya dola 300 ni dola 165 kwa mwezi. Mtu akikwambia "nimekuweka kwenye mpango usijali", muulize amekuweka kwa kiwango gani.

Hatua ya 5: Jaza DD 2656-5

Jaza kwa kompyuta kama unaweza, mwandiko wa mkono unaleta matatizo ya 1 na 7.

Andika hali ya ndoa kama ilivyo siku ya barua. Mpango unamtambua mke mmoja, mwenye ndoa inayokubalika kisheria Marekani, kwa hiyo mwenye wake wawili aongee na wakili wa jeshi kabla ya kuandika chochote, sio baada.

Halafu chagua aina ya watu: mke peke yake, mke na watoto, au watoto peke yao. Mke na watoto haina maana mnagawana. Mke ndiye analipwa, watoto wanaingia tu mke akifa au akipoteza haki, na wanagawana ile asilimia 55 sawa kwa sawa mpaka miaka 18, au 22 kama bado anasoma muda wote na hajaoa wala kuolewa. Mtoto mwenye ulemavu uliomzuia kujitegemea tangu utotoni anaweza kulipwa maisha yote. Kuongeza watoto gharama yake ni ndogo sana, mimi sioni sababu ya kuwaacha.

"Watoto peke yao" ni kisanduku cha kuangalia kwa macho mawili. Akiweka hapo, mke ametolewa. Nimeona watu wanadhani ni kuwapendelea watoto kumbe mama yao ndiye amebaki nje, na mtoto akifika umri wa mwisho hela inakatika.

*Ukifanikiwa hapa:* kuna opsheni moja tu imewekwa alama, aina ya watu imewekwa, kiwango kimewekwa, na hakuna kisanduku ulichoacha wazi ukisema utajaza baadaye.

Hatua ya 6: Saini, na hapa mke ndiye mwenye nguvu

Akichagua C kiwango kamili kwa mke, ridhaa ya mke haihitajiki. Akichagua A, au B, au C kiwango kidogo, au watoto peke yao, basi lazima mke akubali kwa maandishi na saini yake ishuhudiwe na notari.

Kwa hiyo dada yangu, kama umeletewa fomu ukaambiwa twende kwa notari, jua papo hapo kwamba kuna kitu unaombwa ukiachie. Inaweza kuwa sawa kabisa kukiachia, lakini kisome kwanza. Una haki ya kusema "nipe mpaka Jumamosi". Usisaini karatasi tupu, usisaini ukurasa wa mwisho peke yake, na kama Kiingereza cha kiserikali kinakupiga chenga, mtafute mtu akusomee ambaye sio mume wako.

Tarehe zinaangusha watu. Saini ya mke isiwe na tarehe ya kabla ya saini ya mwanajeshi. Yeye anasaini kwanza, mke siku hiyo hiyo au baadaye. Tarehe zikigeuka fomu inarudishwa au inahesabiwa haikubaliki.

Ofisi za sheria za kambini zinashuhudia saini bure kwa familia za wanajeshi. Kama mke yuko nyumbani bado, ubalozi wa Marekani Nairobi au Dar es Salaam unatoa huduma ya notari kwa miadi, ada yake ni dola 50 kwa kila muhuri. Chukua miadi mapema, siku 90 zinaliwa na foleni.

*Ukifanikiwa hapa:* saini mbili, tarehe zinafuatana, muhuri wa notari unasomeka hata kwenye kopi.

Hatua ya 7: Tuma, halafu usitulie mpaka wakujibu

Tuma kwenye anwani iliyo ndani ya barua yenyewe, kwa posta ya kusajiliwa yenye risiti ya kupokelewa, na kama tawi lake linapokea kwa mfumo wa intaneti basi pakia huko na upige picha ya skrini inayosema imepokelewa.

Skani kila kitu. Kopi moja kwenye simu ya mwanajeshi, moja kwa mke, moja kwa mtu wa nje ya nyumba unayemwamini, dada au kaka. Moto na mafuriko havichagui, na huku watu wanahama majimbo kila baada ya miaka michache.

Halafu hakikisha mke na watoto wako kwenye DEERS, ile rejesta ya familia za wanajeshi. Anaenda ofisi ya vitambulisho vya kijeshi na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Mke ambaye hayupo DEERS anaweza kupata haki yake mwisho wa siku, lakini atapita njia ndefu sana kufika.

Baada ya wiki kadhaa aombe uthibitisho wa maandishi wa chaguo lake. Simu sio uthibitisho.

Hatua ya 8: Maisha yakibadilika

*Alikuwa hajaoa siku ya barua, sasa ameoa.* Ana mwaka mmoja kuanzia siku ya ndoa kumwingiza mke. Mwaka ukipita usitegemee mlango kufunguka tena. Na kwa ndoa iliyofungwa baada ya chaguo, mke anapata haki baada ya mwaka mmoja wa ndoa au wakipata mtoto wa ndoa hiyo, kwa hiyo usichelewe kutuma taarifa eti harusi kubwa ya nyumbani bado. Tarehe inayohesabika ni ya cheti.

*Mmeachana.* Hapa wanawake wengi wanapoteza. Hakimu kuandika kwenye hukumu kwamba mke wa zamani apate SBP haitoshi, jeshi halisomi hukumu za mahakama peke yake. Mwanajeshi anatakiwa abadilishe chaguo ndani ya mwaka mmoja wa talaka, na asipofanya, wewe mwenyewe una mwaka mmoja tangu amri ya mahakama kutuma fomu ya DD 2656-10 pamoja na kopi ya amri iliyothibitishwa. Tuma mwenyewe hata kama mmeachana vizuri na ameahidi, maana akioa tena bila hiyo fomu kutumwa, hela inaenda kwa mke mpya.

*Mke amefariki au ndoa imekwisha na hakuna wa kulipwa.* Yale makato ya asilimia 6.5 yanasimamishwa akitoa taarifa, lakini ile nyongeza ya RCSBP inaendelea, kwa sababu ni malipo ya ulinzi ambao tayari ulikuwepo miaka ile ya kati.

Na watu wanaosubiri serikali ifungue tena dirisha la kujiunga kwa waliokataa: la mwisho lilifunguliwa Desemba 2022 likafungwa 1 Januari 2024. Usipange maisha ya mkeo juu ya dirisha ambalo halipo.

Hatua ya 9: Anapokaribia 60

Pensheni haijileti. Lazima aiombe, kwa DD 108 na DD 2656, miezi kadhaa kabla ya siku yake. Kama alichagua B au C zamani, chaguo lile linaendelea, anachofanya ni kuliandika vile vile na kuambatisha kopi ya DD 2656-5. Kama alichagua A, huu ndio wakati wa kuamua, na akitaka kiwango kidogo au kukataa kabisa, mke anasaini tena mbele ya notari. Yaani mke una nafasi ya pili hapa, itumie.

Kuna pia kujitoa, kati ya mwezi wa 25 na wa 36 baada ya pensheni kuanza, lakini kwa ridhaa ya mke. Ukiletewa karatasi wakati huo, rudi juu ukasome hatua ya 6.

Baada ya kulipia miezi 360 na kufika miaka 70, yale makato ya asilimia 6.5 yanasimama na ulinzi unabaki.

Hatua ya 10: Siku ikifika

Kama marehemu alikuwa hajaanza kulipwa pensheni, usianzie DFAS, ofisi ya malipo ya wizara ya ulinzi, kule hawana akaunti yake bado. Anzia kwa makao ya utumishi ya tawi lake, yaani HRC kwa Army, ARPC kwa Air Force. Kama alikuwa ameshaanza kulipwa, ripoti kifo DFAS moja kwa moja, na haraka, kwa sababu pensheni iliyoingia benki baada ya kifo watairudisha wenyewe kutoka kwenye akaunti, hata kama umeshaitumia kwa mazishi.

Mjane anajaza DD 2656-7, anaambatisha cheti cha kifo kilichothibitishwa, cheti cha ndoa, na taarifa za benki. Kama alifia nyumbani Afrika, pata cheti cha kifo cha serikali na tafsiri yake kabla hujapanda ndege kurudi. Malimbikizo ya pensheni ya marehemu yana fomu yake, SF 1174, usidhani ni kitu kimoja.

Dai mapema. Ukikaa zaidi ya miaka 6 hela za nyuma zinaweza kukataliwa kwa kuchelewa.

Ukianza kulipwa, jua mambo manne. Hela hii inahesabiwa kama mapato kwa kodi ya serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo jaza fomu ya makato ya kodi usije ukadaiwa Aprili. Ukiolewa tena kabla ya miaka 55 inasimama, na ndoa hiyo ikiisha kwa kifo au talaka inaweza kurudi. Ukiolewa ukiwa na 55 au zaidi haiguswi. Aliye chini ya 55 anatumiwa karatasi ya kuthibitisha hali ya ndoa, na anayeishi nje ya Marekani anatakiwa kuthibitisha yuko hai, ukirudi Mombasa au Mwanza na usibadilishe anwani, barua itaenda Texas na malipo yatasimamishwa.

La nne, kama VA, idara ya maveterani, nayo inakulipa DIC, yaani fidia ya kila mwezi ya mjane, kwa sababu kifo kilitokana na huduma, tangu 1 Januari 2023 hizo mbili hazikatani tena. Zamani zilikatana, na wapo wajane waliokata tamaa miaka ile wakaacha kufuatilia kwa sababu waliambiwa hawatabaki na kitu. Kama unamjua mmoja mpelekee habari wiki hii, aombe SBP yake iangaliwe upya.